Kitanda cha Mama Sebuleni

Wazazi wangu walikuwa na kitanda kimoja tu katika ndoa yao yote, na kilikuwa cha mvule. Kilitengenezwa na mafundi wa shule aliyokuwa akifundisha Baba, mwaka ule walipooana, na nadhani mafundi hao walikuwa na mbao nyingi kuliko kazi, kwa sababu ubao wa kichwani peke yake ulitaka wanaume wawili kuunyanyua. Upana wake ulikuwa futi tano. Juu ya ubao huo walichonga ndege wawili wakitazamana, mmoja mnene na mwingine mwembamba, na sisi watoto tuliamua mapema kwamba yule mnene ni Baba.

Baba alilala upande wa ndege mnene. Kila jioni aliegemea pale akisoma gazeti la jana, maana kwetu magharibi mwa Kenya gazeti la leo lilikuwa halijafika, na mafuta ya nywele zake yakaacha doa jeusi la mviringo kwenye ubao, kubwa kama kisahani cha chai. Mama alipigana na doa hilo kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu na kwa maneno makali. Halikutoka.

Baba alifariki katikati ya miaka ya tisini. Ndugu zangu wakamjengea Mama nyumba mpya ya vyumba viwili kando ya ile ya zamani, ambayo mchwa walikuwa wameitafuna mpaka ikaanza kuinama. Siku ya kuhamisha vyombo, kitanda kikakataa kupita mlangoni. Ndugu zangu walisema mlango ni mdogo, Mama akasema kitanda ni kikubwa, wakabishana hapo nusu ya asubuhi. Kukifungua vipande na kukiingiza kungewachukua muda mfupi, lakini Mama hakutaka, na mimi peke yangu nilijua kwa nini. Alikuwa ameniambia jikoni tukimenya ndizi kwamba tangu msiba alikuwa halali vizuri. "Nalala upande yangu," alisema, "halafu ile ingine inabaki ikiniangalia tu."

Kaka mkubwa akamnunulia kitanda cha chuma, chembamba, cha mtu mmoja. Mama akasema asante kwa sauti ya mtu aliyelazwa wodini.

Basi cha mvule kikabaki uani, kuku wakikipanda na kushuka. Kwetu mtoto halali juu ya kitanda cha wazazi wake, hata wawe wamekwenda, hata awe hana pengine pa kulala. Si jambo la kujadiliwa. Kwa hiyo hakuna ndugu yangu yeyote aliyeweza kukichukua, na kaka mkubwa akapendekeza kigeuzwe hori la ng'ombe.

"Nitakichukua mimi," nikasema.

"Wewe? Mkalale hapo na bwanako?"

"Nani amesema kulala? Nitakikalia."

Mama alikuwa amejifanya anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Wacha achukue," akasema. "Lakini mtu asilale hapo. Na kama mtaikata, msiniambie."

Hivyo ndivyo kitanda kilivyofika kwangu Kitengela, karibu na Nairobi, kimefunguliwa vipande vipande na kufungwa kwa kamba kwenye keria ya basi, katikati ya mikungu ya ndizi na mashina ya miwa. Mume wangu alikuja kukipokea kwa pikapu yake. Yeye ni mtu wa Kajiado, Mmaasai, na kazi yake ni kutibu mifugo. Hakuwahi kuona sababu ya nyumba kujazwa vyombo. Aliuzunguka ule ubao wa kichwani, akaubisha kwa vidole jinsi anavyobisha mbavu za ng'ombe mgonjwa, akasema, "Hii inatosha kujenga boma."

Tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba vitatu. Kitengela ya siku hizo ilikuwa na nyasi nyingi kuliko majumba, na nyumbu walipita nyuma ya choo chetu bila haraka, kana kwamba nao wanalipa kodi. Ardhi yenyewe ni ule udongo mweusi. Mvua ikinyesha inavimba na kuinua sakafu, jua likiwaka inapasuka, na mlango uliofungika vizuri Jumatatu unagoma Ijumaa. Sebuleni tulikuwa na meza na viti viwili vya plastiki. Vipande vya mvule tuliviegemeza ukutani chumbani, na kwa miaka kadhaa nikawa natundika nguo juu ya ndege wawili.

Lakini si upungufu wa viti ulioniuma miaka ile. Kilichoniuma ni kwamba mama yangu mzazi hakuwahi kulala nyumbani kwangu hata mara moja.

Katika ukoo wetu, mama halali nyumbani kwa mkwe wake mpaka nyumba ifunguliwe. Wazazi wote wawili wanakuja pamoja, wanachinjiwa, wanapewa blanketi, wanalala, na kuanzia siku hiyo mlango uko wazi. Baba aliahidi kuja baada ya mavuno, na hakuyafikia mavuno. Na kwa kuwa mmoja wa wageni wale wawili alikuwa ameshazikwa, Mama akahukumu kwamba mlango wangu umefungwa moja kwa moja.

Nilitegemea mume wangu anitetee. Wapi! Wamaasai nao wana heshima yao kwa mama mkwe, na ni kali kushinda yetu: mkwe haketi naye chumba kimoja wala hamsemeshi moja kwa moja. Mara ya kwanza Mama alipotutembelea, bwana huyu alikunywa chai yake nje, amesimama kando ya tangi la maji kama askari wa zamu.

Kwa hiyo Mama alifika asubuhi, akanikosoa mchana kutwa, na jua likianza kuinama akachukua mkoba wake. "Nipelekeni kwa ndugu yangu." Ndugu yake, yaani mjomba wangu, alikuwa na nyumba kwenye ploti yake Matasia, na nyumbani kwa ndugu mtu analala bila shida. Basi tulishika barabara ya vumbi kutoka Isinya mpaka Kiserian, watu watatu kwenye kiti cha mbele cha pikapu, mimi nikiwa katikati kama ukuta.

"Mwambie baba wa watoto apunguze mwendo," Mama ananiambia.

"Mwambie mama nimesikia," mume wangu ananiambia.

Wakati huo hata watoto tulikuwa hatujapata. Wanawake waliopanga kwenye ploti yetu walitembelewa na mama zao wiki nzima, wakakosolewa mapishi, wakapangiwa upya masufuria, wakalalamika mpaka basi, nami niliwaonea wivu kwa yote hayo. Mimi nilikuwa na mama wa mchana tu. Siku moja tulipomwacha Matasia nililia njia nzima ya kurudi, na mume wangu, kwa sababu hakujua afanye nini, akapunguza mwendo.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikapata mimba, na ikawa wazi kwamba wageni wa mtoto hawatatoshea kwenye viti viwili vya plastiki. Nikampelekea ndege wangu fundi mmoja aliyefanyia kazi kando ya barabara ya Namanga, chini ya bati. Alikuwa kijana mwenye maringo, na ugonjwa wake ulikuwa mahameli. Kila kitu alichokitazama alitamani kukivisha mahameli.

"Madam, hii tunaweka kando," alisema. "Nakutengenezea kochi ya kona, ile ya maruni, iko na vifungo. Kitengela mzima wanataka hiyo."

"Nataka benchi."

"Benchi ni ya kanisa."

"Basi nitengenezee kanisa."

Nikamwonyesha nilichotaka. Ubao wa kichwani uwe mgongo wa benchi, ukae mzima na ndege wake. Ubao wa miguuni ukatwe katikati, kila nusu iwe mkono. Zile mbavu ndefu za pembeni zifupishwe, zishike mbao za kukalia. Alisikiliza kwa huruma. Aliposhika msumeno nilitoka nje nikasimama barabarani nikiangalia malori ya Namanga, nikimsikia Mama masikioni: na kama mtaikata, msiniambie. Niliporudi, ubao wa miguuni ulikuwa vipande viwili, na pale ulipokatwa mbao ilikuwa bado ya manjano na bado inanukia.

Kisha akachukua msasa, akaenda moja kwa moja kwenye doa la Baba.

"Hapo usiguse!"

"Madam, si hii ni uchafu?"

"Ni uchafu ya baba yangu. Iache hivyo."

Akanitazama, akalitazama tumbo langu, akaamua kwamba ni mambo ya ujauzito. Doa likapona.

Benchi lilipofika nyumbani, sakafu yetu ililipokea kwa ukorofi wake wa kawaida: miguu mitatu chini, mmoja hewani. Nikakata kisigino cha sandali kuukuu nikakisukuma chini ya ule mguu. Mama mkwe wangu akaja kutoka kwao, ng'ambo ya mji wa Kajiado, akaketi, na kabla hajaegemea akainuka. "Hii inauma mifupa," akasema. Safari iliyofuata alibeba ngozi ya ng'ombe mwekundu mwenye mabaka meupe, iliyopakwa mafuta na kusuguliwa mpaka ikawa inakunjika kama shuka. Akaitandika juu ya zile mbao, akaketi tena, akasema, "Sidai oleng," yaani vizuri sana. Naamini alikuwa akijisifia ngozi, si benchi.

Nilipenda benchi hilo kupita kiasi. Lilikuwa zito, lenye haya kidogo, na kila aliyeingia aliwapapasa ndege kabla ya kunisalimia. Tatizo likawa moja. Mtoto alikuwa amezaliwa, Mama alikuwa njiani kuja kumwona, na benchi lilionyesha waziwazi mahali lilipokatwa.

Hapo nikafanya anachokifanya kila mwanamke wa kwetu mwenye kitu cha kuficha: nikashona vitambaa. Sebule ya mtu wa magharibi bila vitambaa vya uzi kwenye viti ni sebule ya mtu aliyehamia jana, kwa hiyo nilijua havitashangaza. Ubaya ni kwamba mimi sijui kushona. Vyangu vilivutika upande mmoja na kukunjamana upande mwingine. Nilipovitandika vyote, viwili mikononi na kimoja kirefu kuwafunika ndege, benchi lilifanana na mtu aliyetoka hospitali na bandeji zake.

Mama alifika asubuhi na kuku, unga wa wimbi na ndizi za kutosha mtaa. Akanawa, akampokea mjukuu, akaketi benchini, akamtazama mtoto masikio, vidole na nyayo, akatangaza kwamba ni wetu. Kuhusu benchi hakusema lolote. Nikapumua.

Mchana mvua ikashuka. Haikunyesha tu, ilimwagwa. Kufikia saa kumi uwanja wetu ulikuwa uji mweusi, na mume wangu alipojaribu kuisogeza pikapu ili tuanze safari ya Matasia, ikazama langoni mpaka mhimili. Alirudi na matope mpaka magotini. Akasimama nje ya dirisha, chini ya michirizi ya bati.

"Mwambie mama leo hakuna Matasia," akaniambia.

"Mwambie nimesikia," akasema Mama, aliyekuwa mbali naye kama urefu wa mkono.

Nikafurahi kabla ya wakati. Moyoni nilishaanza kutandika kitanda chetu kwa shuka mpya. Mama akauweka mkoba mapajani, akanyoosha mgongo.

"Basi nitakaa," akasema. "Kukaa si kulala."

"Utakaa mpaka asubuhi, Mama?"

"Kwani kwa matanga huwa tunafanya nini?"

Nilimjua. Angekaa vile vile, macho wazi, mkoba mapajani, mpaka jogoo awike. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa safari, nikaiona, na hasira zikanipanda.

"Kwa mjomba unalala," nikamwambia. "Kwa dada wa kanisa unalala. Nyumba ya mtoto wako mwenyewe ndiyo ina sumu?"

"Si mimi niliweka hiyo sheria."

"Na Baba hatarudi kuifungua!"

Nilisema kwa sauti, mtoto akashtuka. Mume wangu, ambaye kwa upole wake alikuwa amesikia yote, akaniita dirishani, akasema ataenda kulala kwa rafiki yake ng'ambo ya barabara. Akasema nyumba isiyo na mkwe ndani yake ni nyumba ya binti tu. Niliona ni wazo zuri mno. Mama alilifikiria kwa haki kabisa, kisha akalikataa.

"Nyumba ni yake hata akiwa Mombasa," akasema.

Mume wangu akaenda hata hivyo, viatu vikimng'ang'ania kwenye matope. Mimi nikaenda jikoni kupasua kuni zisizohitaji kupasuliwa. Niliporudi na chai, Mama alikuwa ameweka mkoba chini. Alikuwa amekosa la kufanya, na mama yangu akikosa la kufanya mikono yake hutafuta kosa.

"Hii kitambaa nani alishona?"

"Mimi."

"Ndiyo naona." Akakivuta kile kirefu kutoka mgongoni mwa benchi ili aone nilipoharibu uzi. Ndege mnene akatokea, halafu mwembamba.

Nilibaki nimeshika kikombe. Mama aliweka kitambaa kando polepole. Aliwagusa ndege, kisha akateremsha mkono mpaka kwenye doa, akalisugua kwa kidole gumba kama zamani, alipokuwa bado ana matumaini nalo. Kisha akageukia mkono wa benchi, akaondoa kitambaa, akapitisha kidole pale msumeno ulipopita.

"Mlikata."

"Ulisema tusikuambie."

"Na hamkuniambia," akakubali. Akanywa chai kidogo. Nikasubiri yanishukie. "Sasa sikiza. Hii kitanda nilikupatia, ama nilisema tu uchukue?"

"Ulisema nichukue."

"Kuna siku nilisema ni yako?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Basi bado ni yangu."

Akainama akavua viatu, kimoja kimoja, akavipanga chini ya benchi kama alivyovipanga chini ya kitanda maisha yake yote. Nikamletea mto. Akajilaza kwa ubavu juu ya ile ngozi, na benchi likalia ule mlio wake wa zamani ambao nilikuwa nimeusahau. Mama ni mfupi. Futi tano zilimtosha kabisa: kichwa kilikuja sawasawa chini ya ndege mnene, karibu na doa, na nyayo zikaishia chini ya yule mwembamba.

"Hii ngozi ni ya nani?" akauliza.

"Mama wa bwanangu ndiye alileta."

"Mwambie asante."

Nikamfunika kwa shuka ya mtoto, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Nje kulikuwa bado na mwanga, na mvua ilikuwa imepungua. Nilidhani amesinzia, kumbe alikuwa akipima. Alinyoosha miguu mpaka ikagusa mkono wa benchi, akainua mkono wake mwenyewe akagusa ule mwingine juu ya kichwa.

"Zamani nililala nikienda hivi," akasema, akionyesha kwa kidole kutoka mgongo wa benchi kwenda mbele. "Upande yangu tu. Sasa kichwa iko kwa baba yenu, miguu iko kwangu." Akajivutia ile shuka ya mtoto. "Hakuna upande imebaki."

Halafu akalala. Sikuthubutu kuwasha taa. Niliketi kwenye kiti cha plastiki nikimnyonyesha mtoto na kumsikiliza mama yangu akikoroma nyumbani kwangu, na machozi yakawa yananitoka bila kelele, nayaacha tu, nimefurahi kushinda siku ya harusi yangu.

Asubuhi mume wangu alirudi na matope mapya, akasimama mahali pake, dirishani. Mama alikuwa ameamka na tayari amefumua nusu ya kitambaa changu.

"Muulize mama ameamkaje," mume wangu akaniambia.

Nikafungua mdomo nimuulize, lakini Mama akanitangulia. Hakunitazama. Alielekeza uso dirishani, akamjibu mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu tuoane.

"Nimelala kwangu," akamwambia. "Wewe ingia unywe chai."

Mume wangu alivua viatu mlangoni. Aliingia akilipita benchi kwa mbali, kwa adabu, kama mtu anayepita kando ya kitanda cha mama mkwe, akavuta kiti cha plastiki akaketi. Nikammiminia chai nikiwatazama wao wawili badala ya kikombe, nusu yake ikamwagika kwenye kisahani.